Amri Iliyonitaja

Namkunda alipoketi kwenye kiti cha kipimo, nilimwomba Mungu taa isiwake.

Nilikuwa nimemvalisha kofia ya nyaya na kumfunga mkanda wa shingoni kwa mikono yangu mwenyewe, kwa upole, kama inavyotakiwa. Nilimuuliza kama mkanda unambana, akasema haumbani, dada. Na wakati wote huo moyoni nilikuwa nasema: Bwana, leo mnyime. Leo tu. Mwache awe mtu wa kawaida kama sisi wengine.

Mdogo wangu hakuwa amenikosea kitu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na majivuno ningemsema, na watu wangeniunga mkono. Lakini Namkunda ni yule mtu anayechelewa sala, anayeimba akipishana na wenzake, anayesahau bomba wazi, kisha anacheka, na wewe uliyekwenda kumgombeza unajikuta unacheka naye. Mimi sijawahi kuchelewa sala. Naamka kabla vioo vya paani havijageuzwa kulielekea jua, napiga magoti, nasema yote ninayopaswa kusema, kisha nanyamaza ili nisikie. Sijasikia kitu. Nimekaa kwenye kiti kile mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Ndivani, tena bila foleni, mlango nimeufunga kwa ndani. Taa haijawahi hata kupepesa.

"Omba urudiwe," nilimwambia.

Ndiyo kawaida yetu. Anayedai kusemeshwa huja kitini na kuomba aambiwe tena. Wageni kutoka vituo vingine vya Mirihi hudhani mashine ile inampima Mungu. Haimpimi Mungu, inapima koo. Mtu akijisemea moyoni, misuli ya ulimi na koromeo hutikisika kidogo sana kabla neno halijafika kichwani, na hakuna awezaye kuizuia. Anayejitungia sauti, hata kama mwenyewe anaamini hajaitunga, koo litamsaliti. Kofia husikiliza kichwa, mkanda husikiliza koo. Neno likisikika kichwani huku koo limetulia tuli, taa huwaka. Maana yake ni kwamba neno hilo halikuzaliwa ndani ya mtu huyu, limetoka kwingine.

Tuliihitaji. Miaka ya mwanzo Ndivani ilijaa manabii kuliko mafundi bomba. Mmoja wao aliota kwamba pampu ya handaki la chini izimwe watu wafunge na kuomba, ikazimwa, na watu wa handaki zima wakaishiwa hewa wakiwa magotini. Baada ya mazishi yale mafundi walikaa wakaunda kipimo, na manabii wakapungua ghafla. Kwingine ni wapi, hilo mafundi walituachia wenyewe, nasi hatukuumiza kichwa. Wazee wetu hawakutoka milima ya Upare kuja kwenye sayari isiyonyesha mvua wakidhani wako peke yao.

Namkunda alifumba macho. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Nilimwona akikunja uso kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi, na taa ikawaka.

"Mkanda umelegea," nikasema.

Haukuwa umelegea. Nilimfungua, nikatoa mkanda mpya kabatini, nikaufuta, nikamfunga upya. "Omba tena."

Safari hii machozi yalikuwa yanamtiririka kabla hata hajafumba macho. Taa ikawaka tena, kijani safi, bila kusita. Nikazima mitambo.

"Imesema nini?"

"Dada, ngoja kwanza."

"Hakuna kungoja. Mpimaji ndiye wa kwanza kuambiwa. Imesema nini?"

Alijifuta kwa kiganja. Mtoto wake alikuwa amelala kwenye mbeleko mgongoni mwangu, maana nilikuwa nimemshikia ili mama yake aketi vizuri. Namkunda alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Imesema, mpe Nakijwa mtoto wako, awe wake."

Nataka kueleza nilichohisi kwa mpangilio wake, kwa sababu baadaye watu walinipangia wao. La kwanza halikuwa huruma. La kwanza lilikuwa kwamba nimetajwa. Miaka yote ile ya kupiga magoti, na hatimaye Mungu ametamka jina langu, silabi zote, Nakijwa. Masikio yaliniwaka moto kwa furaha. La pili lilikuwa uzito wa mtoto mgongoni, jinsi alivyokuwa ananipumulia shingoni, na wazo kwamba sitalazimika kumrudisha. Mimi na mume wangu Apendaeli tulikuwa tumetafuta mtoto hadi madaktari wa kliniki wakatuomba tupumzike. Huruma ilikuja ya tatu, tena ilichelewa kama Namkunda kwenye sala.

Ilipofika, ilinishika vibaya. Mume wa Namkunda, Aminiel, alifia kwenye machimbo ya barafu mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto huyu, Tumsifu, ndiye kitu pekee alichomwachia. Hajaota hata jino.

"Naweza kusema haikuwaka," nilimwambia.

"Lakini imewaka."

"Nani ameona? Tuko wawili tu."

"Mimi nimesikia, dada," alisema. "Na nimeshakubali."

Nimeshakubali. Alilitamka kama mtu aliyekubali kuazimisha sufuria. Mimi ningepewa amri kama ile ningejigaragaza chini mwezi mzima, na pengine ningekataa. Nikahisi kijicho kinanipanda kooni, hata wakati ule, hata nikiwa na mtoto wake mgongoni.

*

Kwetu amri haivuki maji.

Barafu kutoka machimboni huletwa kwenye ndiva, bwawa letu la juu chini ya kuba, na vioo huiyeyusha mchana kutwa. Jioni bwawa hufunguliwa, maji yakashuka kwenye mfereji mmoja, yakapita kwenye vitalu vya maharage na milango ya nyumba kwa zamu. Ikiwa kuna amri iliyopimwa na haijatimizwa, bwawa halifunguliwi. Hivyo kila amri ya mtu mmoja huwa njaa na kiu ya watu wote, na hakuna anayeweza kujifungia chumbani nayo.

Msimamizi wa ndiva, Mzee Kirumbuyo, ni mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alinisikiliza akiwa amesimama juu ya ukingo wa bwawa.

"Umepima mara ngapi?"

"Mara mbili. Mkanda tofauti."

"Na koo?"

"Kimya kabisa."

Alivua kofia yake, akaivaa tena. "Mtoto ananyonya bado, eti?"

"Ananyonya."

"Haya ni mazito, binti yangu. Lakini handaki la mbegu nalo lilikuwa zito." Akashika baragumu, akalipuliza mpaka mishipa ikamtoka.

Handaki la mbegu kila mtu analikumbuka. Namkunda aliambiwa tulizibe, mbegu zetu zote zikiwa ndani. Watu walilia, wengine wakamtukana. Taa ikawaka, tukaziba, tukaishi nusu shibe msimu mzima. Kisha paa la handaki lile likaporomoka lote, saa za kazi, mahali ambapo nusu ya wanawake wa Ndivani wangekuwa wameinama wakichambua mbegu. Tangu siku hiyo Namkunda akitembea watu humpisha.

Walikusanyika. Mzee Kirumbuyo alitangaza amri, Namkunda akasimama, akaja mbele yangu mbele ya wote. Nilimfungua mtoto mgongoni, akampokea kutoka kwangu, akambusu kwenye paji, akanirudishia. Hivyo tu. Akasema, "Namtoa." Sauti yake haikukatika. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakilia kwa kwikwi.

Iliyobaki ilikuwa sehemu yangu. Mpokeaji hukaa na alichopewa hadi jioni, kisha huja ndivani, hukinawisha kwa maji ya kwanza yanayotoka, akasema mbele ya watu, "Nimepokea." Baada ya hapo hakuna kurudishana. Mtoaji naye haruhusiwi kukigusa wala kukiona mpaka maji yapite.

Nikiwa natoka pale, jirani yetu mmoja alinishika mkono. Ni mwanamke ambaye kwa miaka mingi alipenda kusema mbele yangu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha ananitazama kuona kama imeniingia. Sasa alitabasamu.

"Hongera, Mama Tumsifu," akasema.

Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kabatini, na huitwa kwa jina la mtoto. Mdogo wangu alikuwa Mama Tumsifu tangu siku ya kujifungua. Mimi nilikuwa Nakijwa, au mpimaji, au kwa wenye adabu sana, dada. Kila mara mtu alipoita "Mama Tumsifu!" kwenye mfereji na Namkunda akaitika, kitu kilinichoma. Sasa niliitwa mimi, na nikageuka, nikaitika. Niliitika upesi mno. Nyuma yangu nikamsikia mtu mwingine akimwambia mdogo wangu, "Pole, Namkunda."

*

Apendaeli alikuwa amekwisha kubomoa sanduku la vichujio vya hewa na kuligeuza kitanda kabla sijafika nyumbani. Mume wangu ni fundi wa vichujio, mtu wa maneno machache, na mchana ule aliongea kama redio.

"Nimelitandika blanketi mbili. Ukingo nimeupiga msasa, pitisha mkono uone. Mlete, mlete kidogo."

Alimchukua mtoto, akamlaza kifuani kwake, akawa anatembea naye toka ukutani hadi ukutani. Sikuwahi kumwona na uso ule. Nami nilikuwa na furaha, nisidanganye. Niliketi kitandani nikatazama watu wawili wakizunguka chumbani kwangu, nikafikiri: hiki ndicho wenzangu walichokuwa nacho siku zote.

Kisha Tumsifu akaamka, akataka kunyonya. Tulimpa maziwa ya soya kwa chupa, akayatema. Tukayapasha, akayatema. Akaanza kulia kile kilio cha mtoto ambaye bado anaamini kuna mtu atakuja.

"Atazoea," Apendaeli alisema.

"Mama yake yuko nyuma ya ukuta huu."

"Mama yake ni wewe sasa."

"Apendaeli, hebu niambie. Taa ingewaka, sauti ikasema tukamwibe mtoto wa watu usingizini, ungekwenda?"

"Haiwezi kusema hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni Mungu."

"Basi kumbe kuna kitu unachoijulia sauti kabla taa haijawaka. Unajua kumwibia mama mtoto ni vibaya. Hujui hilo kwa kofia wala mkanda. Sasa hili la leo lina tofauti gani, zaidi ya kwamba mama mwenyewe kakubali?"

Alisimama. Mtoto alikuwa anamlilia begani.

"Nakijwa, ulipopima amri ya handaki, uliona ni jambo jema?"

"Sikuona."

"Mimi nililia mbegu zile. Nilimwona Mungu katili. Kumbe aliona paa ambalo mimi silioni. Leo unataka umweleze lipi ni jema?" Akanisogelea, akapunguza sauti. "Labda kuna paa jingine, mke wangu. Labda mtoto huyu akibaki kule atakufa. Utajuaje? Usiharibu. Tumeomba miaka mingapi? Amesikia, ametupa. Usiharibu."

Mpaka leo sina jibu kamili. Mtu anayeniambia kwamba jibu ni rahisi, namwona ama hajawahi kuzika au hajawahi kulea. Nilichukua chupa tupu, nikamwambia naenda kutafuta maziwa.

*

Hatua chache tu, mlango wa pili, kwa Namkunda. Njiani nilijiandaa kumkuta amejifunika, analia, nimkumbatie, nimwambie tutafute njia. Nilitaka kumkuta analia. Ningekuwa dada mkubwa, mwenye nguvu, mwenye kufariji.

Mlangoni watu walikuwa wamejaa, wanaimba taratibu. Mzee mmoja wa machimboni alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti. Walinipisha, lakini macho yao yalikuwa ndani, kwake. Namkunda alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kitenge cheupe, na uso wake ulikuwa unang'aa. Sina neno jingine. Alikuwa mzuri kuliko siku ya harusi yake.

Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Analia?" aliuliza.

"Ana njaa. Anakataa soya."

"Namsikia." Alishusha macho, nami nikaona kitenge kimelowa sehemu ya kifua, duara mbili kubwa. "Kila akilia yanatoka yenyewe."

Alichukua chupa, akanigeuzia mgongo, akaanza kukamua. Nilimsikia akivuta pumzi kwa maumivu.

"Namkunda, unataka kumtoa mtoto huyu?"

"Sitaki. Ningetaka, ingekuwa sadaka ya nini?"

"Na kama si haki? Mtoto hakuulizwa. Aminiel hayupo kusema neno. Na kama si haki tu, basi?"

"Dada, mimi ni nani nimpime yeye? Wewe ndiye mpimaji, na umepima." Alicheka kidogo, kile kicheko chake. Kisha akageuka na chupa mkononi. "Nikuambie kitu? Siku zote huja, husema, huondoka. Nami hubaki kichwa kinaniuma tu. Safari hii hakuondoka. Nilipokubali alikaa. Yuko hapa hapa." Akagusa kifua kilicholowa. "Nina amani, dada. Natamani ungeihisi."

Natamani ungeihisi. Alisema kwa upendo, na angenichoma kisu ningeumia kidogo kuliko pale. Nilipokea chupa ikiwa ya moto kwa joto la mwili wake. Nikatambua mpangilio wote ulivyokaa. Mimi nimepewa mtoto. Yeye amepewa Mungu mwenyewe. Hata katika kunipa, amenizidi. Kesho watasimulia habari za mwanamke aliyemtoa mwanawe, na katika habari hiyo mimi nitakuwa mikono tu, mahali pa kumwekea mtoto.

Nilipotoka, yule mzee wa kizingitini aliniambia, "Una bahati kuwa dada yake."

Tumsifu alinyonya chupa ile yote, akalala. Alipoamka, akaanza upya, na chupa ilikuwa tupu. Baragumu lilikuwa linalia kutuita ndivani.

*

Nilipanda nikiwa nimembeba kifuani, Apendaeli kando yangu amevaa shati lake la ibada. Kazi yangu maishani ni kupima, na njia nzima nilikuwa najipima. Nikikataa, je, ni kwa kuwa ni makosa kumtenga mtoto na titi linalomwagikia? Au ni kwa kuwa siwezi kuvumilia mdogo wangu awe mtakatifu kwa gharama ya jina langu? Na nikikubali, je, ni utii, au ni tamaa iliyopata kibali? Niligeuza upande huu na upande ule. Hakuna kofia ya jambo hilo, wala mkanda.

Vitalu vya maharage vilikuwa vimeanza kulegea majani. Watu walisimama pande zote mbili za mfereji mkavu, na kila mmoja alikuwa na ndoo. Namkunda alikuwa upande wa pili, amepewa nafasi peke yake, ameelekeza uso pembeni kama kawaida inavyotaka. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Kitenge cha Namkunda kililowa mbele ya macho yetu, maziwa yakamshuka hadi kiunoni, naye hakujifunika. Watu walianza kuimba walipoona hivyo. Wengine walikuwa wananyoosha mikono kumwelekea.

Mzee Kirumbuyo alifungua kijilango kidogo. Maji ya kwanza yalichuruzika kwenye beseni. Akaniletea.

"Mnawishe, mama. Kisha useme."

Nilichovya vidole. Maji yalikuwa baridi. Tumsifu alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, anatafuta kwa kichwa chake kwenye kifua changu kikavu, huku na huku, na hakupata. Nikamtazama Namkunda. Nikaona pia kila mtu anamtazama Namkunda. Nikajua mambo mawili kwa wakati mmoja, na siwezi kuyatenganisha. Nikajua kwamba ninalofanya ni kumnyima mtoto chakula kinachomwagika chini hatua chache kutoka mdomoni mwake, na kwamba sauti yoyote itakayosema hili ni jema, ya mbinguni au ya shimoni, mimi siwezi kuiitikia. Na nikajua kwamba nikipokea, maisha yangu yote nitakuwa nalea ushahidi wa ukubwa wake.

Nikatoa vidole kwenye beseni.

"Sikupokea," nikasema.

Nyimbo zilikatika. Mzee Kirumbuyo alinisogelea kama mtu asiyesikia vizuri.

"Umesemaje?"

"Sikupokea. Mtoto ni wa mama yake."

"Binti yangu, taa iliwaka. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Iliwaka. Sijasema haikuwaka."

"Basi unaelewa kwamba humkatai Namkunda, wala mimi."

"Namjua ninayemkataa, mzee."

Aliweka beseni chini. Sheria anaijua kila mtu na hakuhitaji kuisoma. Anayekataa amri iliyopimwa hubeba deni lake mwenyewe, bwawa likafunguliwa kwa wengine, naye huwa wa mwisho kwenye mfereji, yeye na nyumba yake, mpaka kufa kwake. Haingii tena chumba cha kipimo. Ilitosha kwa Mzee Kirumbuyo kusema jina langu kwa sauti, Nakijwa, kisha kwenda kufungua bwawa. Ndivyo amri ile ilivyonitaja mara ya pili.

Apendaeli aliniangalia, akamwangalia mtoto. Akanyoosha kidole, akamgusa Tumsifu shavuni, halafu akageuka akashuka peke yake kando ya mfereji, na maji yakampita. Sikuwa nimemuuliza. Kitanda kile alikuwa amekipiga msasa. Hilo nalo nililifanya, na sitaki mtu aliweke kando anaposema kwamba nilifanya vyema.

Nikauvuka mfereji, viatu vikalowa. Watu walinikwepa. Nilimnyooshea Namkunda mtoto.

Hakunyoosha mikono.

"Mchukue," nikasema.

"Si wangu. Nimeshamtoa."

"Sikumpokea. Mchukue, anakufa njaa."

Uso wake, ule uliokuwa unang'aa, ulikuwa umezimika. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana kama mtu ambaye amepoteza mtoto, na mtoto alikuwa mbele yake.

"Ameondoka, dada," alisema. "Uliposema tu. Alikuwa hapa, akaondoka." Sauti yake ilipanda, watu wakasikia. "Unafikiri sijui? Unafikiri miaka yote hii sikuoni unavyonitazama ukinifunga ule mkanda? Hukumrudisha kwa huruma. Umemrudisha ili nisikuzidi."

Kulikuwa na maneno mengi ya kujibu. Ningeweza kumweleza habari za haki, nikamweleza habari za paa la handaki, nikamwambia kwamba Mungu anayestahili kutiiwa hawezi kukasirika mtoto akirudishwa kwenye titi. Naamini hayo yote. Lakini alikuwa amepima, na kipimo chake kilikuwa sahihi.

"Ni kweli," nilimwambia. "Sasa mnyonyeshe."

Mtoto alilia tena, na mwili wa Namkunda ukamjibu kabla yeye hajaamua. Alimnyakua mikononi mwangu kwa hasira, akaketi palepale kwenye ukingo wa mfereji, akafungua kitenge. Tumsifu alishika titi, akanyamaza ghafla, yakasikika maji tu na mtoto akimeza. Namkunda alimnyonyesha mtoto wake mbele ya uso wangu, macho yake hayakunitoka, na sikuwahi kuchukiwa na mtu kiasi kile.

Nilibaki nimesimama. Nilingoja kidogo, nisiwe mwongo, kama kuna neno litakalokuja, la kunisifu au la kunilaani. Halikuja. Nilimtazama mtoto anavyonyonya, na mkono wake mdogo ulivyolala juu ya kifua cha mdogo wangu, na wivu wangu ulikuwa palepale, haujapungua hata tone.